Upau Usiobeba Kitu

Eldbjørg Nymoen amelala kifudifudi juu ya theluji iliyoganda, shavu likikaribia kugusa chuma, jicho moja amelifumba. Mbele yake nguzo ya chuma yenye urefu wa mita saba imelazwa juu ya magogo mawili. Amevuta uzi wa rangi ya chungwa, ule wanaotumia waashi, kutoka ncha moja ya nguzo hadi nyingine. Sasa anautazama mwanya ulioachwa kati ya uzi na chuma, pale katikati.

Anavua glavu na kupitisha kidole gumba kwenye mwanya huo. Kidole kinaingia.

"Umeinama," anaiambia nguzo, kwa sauti ya mtu anayempima mtoto homa. "Maskini, huko ulikotoka walikubebesha nini?"

Hatua chache kutoka hapo trekta inanguruma bila kwenda popote. Ndani yake ameketi mdogo wake wa kiume, Kolbein, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa ukumbi mpya wa michezo hapa Skarvdal. Nguzo zote zilizotandazwa uwanjani amezinunua yeye, mitumba ya ghala lililobomolewa huko pwani. Hashuki. Anateremsha kioo kiasi cha kupitisha maneno tu.

"Vipi, na hiyo nayo ina mimba?"

"Mimba changa. Ikishikwa kiuno itasimama."

"Kushikwa, kushikwa! Kwako wewe hakuna kinachoweza kusimama chenyewe?"

"Kipo. Kifupi na kinene, kama wewe."

Kioo kinapanda. Tangu Krismasi ndugu hawa hawajazungumza kirefu namna hii.

Eldbjørg ana miaka hamsini na saba. Kazi yake ni kukokotoa nguvu za nguzo: kujua nguzo hii, ya urefu huu na unene huu, ikikandamizwa kutoka juu itavumilia hadi wapi kabla ya kupinda. Amezikokotolea nguzo za mazizi, karakana, maghala ya mbao na kanisa moja, akiwa mezani kwake jikoni, dirisha likitazama mtoni.

"Watu wanadhani nguzo inakufa kwa kupondwa," anasema, akikunja uzi wake. "Fupi na nene, ndiyo, inapondwa. Lakini ndefu na nyembamba haisubiri kupondwa. Inakimbilia pembeni. Inatafuta pa kutokea, kama mtu aliyebanwa na maswali, na inatokea upande wake ulio dhaifu."

Boriti, anasema, ina adabu. Ikizidiwa hulegea, mlango hukwama, dari hupasuka rangi, mwenye nyumba akashtuka mapema. Nguzo haina adabu hiyo. "Leo imenyooka. Kesho imenyooka. Kesho kutwa imenyooka. Halafu haipo."

Jioni hii wanachama wa klabu ya michezo ya Skarvdal watapiga kura juu ya jambo ambalo kwa mgeni lingeonekana dogo: lango la lori likae wapi. Kamati ya Kolbein inalitaka kwenye ukuta mrefu, karibu na maegesho, ili lori la maonyesho ya majira ya baridi liingie bila kuzunguka. Eldbjørg anataka liwe kwenye ukuta mfupi wa kaskazini, kunakopiga upepo na kurundikana theluji.

Kisa ni upau mmoja wa chuma, mwembamba kama mkono wa mtoto, unaopita katikati ya kimo cha nguzo zote za ukuta mrefu na kuzishika viuno. Lango refu la lori likiwekwa pale, upau huo lazima ukatwe. Eldbjørg amesema ukikatwa hatatia saini yake, na bila saini yake kibali hakitoki. Kampuni za mjini zinaweza kusaini, ila klabu haina uwezo wa kuzilipa. Yeye anafanya bure.

Hazungumzi kwa kubahatisha. Upau kama huo uliwahi kukatwa hapa hapa, na mtu akafa.

Ilikuwa Jumamosi ya vuli, miaka sita iliyopita. Skarvdal walikuwa kwenye msaragambo, kazi ya kijiji isiyo na ujira, ambayo bonde hili linaiheshimu kama ibada. Kila familia hupangiwa kazi yake. Wanaume walipangiwa kufungua lango jipya kwenye ukumbi wa zamani. Eldbjørg, mtu pekee katika kijiji kizima anayejua nguzo kwa hesabu, alipangiwa vafeli, zile keki bapa za umbo la moyo zinazookwa katikati ya vyuma viwili vya moto na kuliwa na jamu au jibini ya kahawia.

"Nilisikia msumeno," anasema. "Nilikuwa nimewapa mgongo, nina bakuli la unga mkononi na foleni ya watoto mbele yangu. Harufu ya chuma kinachokatwa ilikuja ikachanganyika na ya siagi. Nikajiambia, wanakata mabenchi ya zamani hao. Nikageuza vafeli."

Kolbein haikani siku hiyo. Sisi waandishi tulipomkuta kwenye banda lake la trekta alifuta mikono muda mrefu kuliko mikono ilivyochafuka.

"Niliutikisa," alisema. "Niliushika hivi nikautikisa, ukawa unacheza, unalia kama kijiko kwenye kikombe. Sasa wewe niambie, kitu kinachochezacheza kimebeba nini? Hakijabeba kitu. Tukakata."

"Hukumuuliza dada yako?"

"Dada alikuwa kwenye vafeli."

Alisema hivyo kama anayetaja hali ya hewa. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Sikuwa peke yangu. Mmoja alishika ngazi, mwingine waya, mwingine akapaka rangi. Alikata nani, basi? Aliyeshika ngazi?"

Majira ya baridi hafifu yakapita, moja baada ya jingine, ukumbi ukisimama na lango lake zuri. Maonyesho yakafana. Lori likaingia na kutoka. Kisha, Februari ya mwaka juzi, theluji nzito yenye maji ikaanguka bondeni. Haikuwa theluji ya kutisha. Wazee hapa wameona mara mbili ya hiyo. Oddvar Brekkhus, mtunza ukumbi, alipanda kwenye paa na koleo asubuhi nzima. Mchana akashuka kuwapokea watoto wa mpira wa mikono. Watoto walipomaliza mazoezi na kuondoka, alibaki akikusanya mipira.

Ukuta mrefu ulianguka kwa mpigo mmoja, Oddvar akiwa ndani. Jirani aliyekuwa ng'ambo ya barabara anasema hakusikia kishindo kwanza. Alisikia pumzi, kama mlango mkubwa unaovutwa na upepo.

Kabla Oddvar hajazikwa, bonde lilikuwa limekwisha kupata jibu. Theluji. Na kwa kuwa theluji ilikuwa na mtu aliyeajiriwa kuiondoa, jibu likapata na jina. Dukani, kwenye foleni ya maziwa, ilisemwa kwamba Oddvar alipenda mno kahawa yake. Kwamba alipiga koleo upande mmoja. Kwamba alikuwa mwema, lakini mzito.

Eldbjørg alifika kwenye magofu na sanduku la mbao. Alilijaza theluji ya paani, akaipeleka kwenye ghala la jirani na kuipima kwa mizani ya viazi. Uzito ulikuwa chini ya ule ambao paa lilijengwa kuubeba. Akarudi, akatembea kando ya ukuta ulioanguka, akazitazama nguzo. Hazikuwa zimevunjika. Zilikuwa zimepinda pembeni, zote upande mmoja, kwa tao moja refu kutoka chini hadi juu.

"Nguzo iliyoshikwa kiuno haipindi hivyo," anasema. "Inapinda kama herufi S, tena kwa shida sana. Tao moja maana yake hakuna aliyekuwa ameishika."

Kisha akaona vishina vya upau, kushoto na kulia kwa lango. Vilikuwa vimesuguliwa kingo na kupakwa rangi, kijivu ileile ya ukuta.

"Hicho ndicho kinachoniuma hadi leo. Waliifanya kazi vizuri. Hata kidonda walikipaka rangi."

Aliandika alichokiona na kuwapa watu wa bima. Bima ikakataa sehemu kubwa ya malipo, kwa kuwa jengo lilibadilishwa bila kibali. Hakuna aliyeshtakiwa; msaragambo hauna msimamizi, na kazi ya wote haina mwenyewe. Skarvdal wakabaki bila ukumbi, na watoto wao wakawa wanapanda basi kwenda bonde la pili kucheza, wakirudi wamelala juu ya mabegi.

Usiku wa kuamkia siku aliyoandika, Kolbein alimwendea. Eldbjørg anayakumbuka maneno yake bila kuyatafuta.

"Aliniambia, 'Dada, sema theluji. Theluji haina jina la ukoo.' Nikamwambia, na Oddvar je? Akasema, 'Oddvar ameshakufa.' Nikamwambia, Solfrid hajafa."

Solfrid Brekkhus, mjane wa Oddvar, anaishi nyumba ya njano mwisho wa barabara ya kanisa. Ndiye mtu pekee ambaye Eldbjørg hunywa naye kahawa siku hizi. Tuliwakuta wakibishana kama mkate wa rai, ule mweusi, umeiva au bado.

"Huyu alikuja hapa baada ya mazishi," Solfrid alisema, akimwelekezea Eldbjørg kisu cha siagi. "Sikutaka kumfungulia. Nilikuwa na swali moja tu kichwani: mume wangu angepiga koleo zaidi, angekuwa hai? Nikamuuliza hapo hapo mlangoni.  Akaniuliza kama nina rula."

"Ya plastiki," Eldbjørg akasema.

"Ya plastiki, ya mjukuu. Nikasema mwanamke huyu amerukwa na akili. Akaisimamisha mezani, akaiminya kwa kiganja kutoka juu. Ikabenuka mara moja, pyu! Akaniambia, weka kidole chako katikati. Kiguse tu, usisukume. Nikagusa. Akaiminya tena, akaminya, akaminya, uso umemwiva kwa nguvu, rula imesimama. Na mimi kidoleni sisikii kitu! Labda kama nzi ametua."

Alipaka siagi kwenye kipande ambacho kilikuwa nayo tayari.

"Akaniambia, 'Sasa toa kidole.' Nikakataa kutoa."

Kidole hicho kinachogusa katikati, Eldbjørg anaeleza, huiongezea nguzo kama ile nguvu hadi mara nne, na chenyewe hakibebi karibu chochote. Mzigo ukiwa mdogo, unaweza kukitikisa ukacheka. Kazi yake inaanza pale tu nguzo inapotaka kwenda.

Ukweli haukumlipa. Wenye mazizi na karakana za bondeni, waliokuwa wakimpa kazi kila kiangazi, sasa hupeleka michoro yao kwingine. Kazi zake zimepungua karibu nusu. Mwaka jana alipata takriban kroner laki tatu kabla ya kodi, chini ya mshahara wa muuzaji wa duka. Ameuza gari na kununua baiskeli yenye matairi ya misumari. Akiingia dukani, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya samaki.

Lakini anayoyataja kwanza, ukimuuliza, si hayo.

"Hawaniiti kwenye msaragambo," anasema. "Masika yote mawili. Naamka Jumamosi nasikia mafagio yanakwangua kokoto barabarani, ndipo najua kumbe leo ndiyo siku. Natoka na fagio langu. Wananiambia, 'Aa, tumeshamaliza upande huu.' Mara ya pili sikutoka. Nilikaa dirishani." Anacheka kidogo, bila furaha. "Mimi, niliyekuwa nanung'unika kwamba wananipa vafeli kila mwaka!"

Saa kumi na mbili jioni chumba cha kulia cha shule kimejaa. Makoti yenye maji yamerundikwa juu ya piano. Kuna chupa za kahawa na maandazi ya mdalasini, na kiti kitupu kila upande wa Eldbjørg. Solfrid anaingia akiwa amechelewa, anatazama huku na huku, anakwenda kuketi kwenye kimojawapo.

Mwenyekiti wa klabu, Gunnlaug Tveit, anayefundisha watoto mpira wa mikono, anampa Kolbein nafasi ya kwanza. Kolbein anaongea vizuri. Anaonyesha mchoro, maegesho, lori, theluji ya upande wa kaskazini ambayo mtu atalazimika kuiondoa kila mwaka.

"Na upau?" anauliza Gunnlaug.

"Tutaweka nguzo nene zaidi pale langoni."

"Nguzo nene zipi, Kolbein?" Eldbjørg hajasimama. "Ulizonunua nimezipima zote. Zote ni nyembamba. Moja ina tumbo la kidole gumba. Sizikatai. Zitasimama vizuri kuliko sisi, mradi upau upite kutoka kona hadi kona. Ukiukata langoni, huachilii nguzo mbili tu. Unaachilia ukuta mzima."

"Nane, saba, mbili," sauti inatoka nyuma, ikiigiza hesabu zake. "Eldbjørg, ukimaliza ukikokotoe na kiti cha Arnfinn, amenenepa!"

Chumba kinacheka. Arnfinn mwenyewe anacheka, anagonga miguu ya kiti sakafuni.

"Kiti chake ni kifupi," Eldbjørg anasema. "Kitapondwa tu. Hakitamuua mtu mwingine."

Kicheko kinakatika. Mtu anakohoa. Kolbein anazungusha mchoro mkononi hadi unakuwa bomba.

"Sasa tuseme wazi," anasema, bila kumtazama dada yake. "Mwaka juzi tulimsikiliza, tukapoteza ukumbi. Leo tukimsikiliza tunapoteza lango. Kesho atataka nini?"

"Hamkupoteza ukumbi kwa kunisikiliza. Ulikuwa chini tayari."

"Tulipoteza pesa zake!"

"Na Oddvar alipoteza jina lake, Kolbein. Nilikuwa na kimoja cha kuchagua."

Hapo Solfrid anasimama. Si msemaji, anashikilia mgongo wa kiti kilicho mbele yake, na aliyekikalia anajisogeza mbele bila kugeuka.

"Mimi hesabu sizijui," anasema. "Lakini kidole changu nimekiweka pale. Hakikusikia kitu. Nawaapia, hakikusikia kitu kabisa. Na kilikuwa kinashikilia." Anatafuta la kuongeza. "Theluji ya kaskazini nitakuja kuiondoa mimi mwenyewe. Koleo la Oddvar bado ninalo."

Anaketi. Hakuna anayethubutu kuchukua andazi.

Gunnlaug anaita kura. Mikono inapanda kwa lango la ukuta mrefu, mingi. Inapanda kwa lango la kaskazini, mingi kidogo zaidi, baadhi ikipanda hadi usawa wa sikio tu, kama ya watoto wasiotaka kuitwa mbele. Mikono ya Kolbein iko mifukoni mara zote mbili.

"Kaskazini," anasema Gunnlaug. "Upau unabaki."

"Haya, umeshinda tena," Kolbein anamwambia dada yake kupitia vichwa vya watu.  Jirani wa Eldbjørg wa mtoni, aliyepigia kura upande wake, anapita kuchukua kahawa na hamsalimu.

Kinachofuata ni kupanga kazi za msaragambo wa Juni, siku ya kusimamisha nguzo. Gunnlaug anasoma majina. Kreni, ngazi, boliti, rangi, maegesho. Eldbjørg ameshaanza kuvaa koti.

"Vafeli," anasoma Gunnlaug, kisha anasita. "Hapa pana nafasi." Anainua macho. "Eldbjørg?"

"Atatupimia unga kwa uzi!" inasema ile sauti ya nyuma, ila safari hii wachache ndio wanaocheka.

Eldbjørg amesimama na mkono mmoja ndani ya koti, mwingine nje. Miaka thelathini amekokotoa kinachoshikilia bonde hili, na bonde linampa chuma cha vafeli. Unaweza kuliona hilo likipita usoni mwake, likizunguka, likitafuta pa kukaa.

"Nitaoka," anasema. "Kwa sharti moja."

"Eeh! Sharti tena!"

"Meza yangu isiwekwe mlangoni kama zamani. Iwekwe kwenye ukuta mrefu, katikati, chini ya upau. Na nikae nimeutazama upau, foleni iwe mgongoni kwangu. Anayetaka vafeli atanigusa bega."

Gunnlaug anaandika. Watu wanatazama meza. Kolbein ameshafika kwenye rundo la makoti, anatafuta lake, anapata la mtu mwingine, analirudisha.

"Ukuta ule unapigwa na jua mchana kutwa," anasema, akiiambia piano. "Utaungua."

"Basi niletee mwavuli."

 Kolbein anatoka, na dirishani trekta inasikika ikiwaka.

Nje, akifungua baiskeli yake, Eldbjørg anasema hategemei mtu amwombe radhi. Watu wengi walishika ngazi, nao ni majirani, na majirani hawajui waanzie wapi. Anatumaini mambo mawili tu. Kwamba mjukuu wa Solfrid atacheza ndani ya ukumbi ule hadi azeeke na asijue kamwe kama kuna upau. Na kwamba siku moja mwanamume mwenye msumeno atautikisa, atausikia ukilia kama kijiko kwenye kikombe, na kabla ya kuwasha atageuka kutafuta nani yuko kwenye vafeli.

"Aje aniulize," anasema, akipanda. "Nitakuwa nimeshika unga, lakini nitajibu."